Mahali pa Kupumzikia Wazee Wetu: Habari za Kale na za Sasa, Pwani ya Malindi na Kilifi



Katika mkutano mkuu uliopita lililetwa shauri ambalo halikumalizika. Baadhi ya wanachama, hasa wale wanaofanya kazi Mombasa na Nairobi, walitaka Chama kinunue kiwanja karibu na bahari, kijenge nyumba ya wazee, mahali penye upepo mwanana na kivuli cha minazi, ili mzee asiye na wa kumtunza apate pa kukaa. Wengine walipinga kwa nguvu, wakasema ya kuwa nyumba ya namna hiyo ni aibu kwa watoto, wala haikujulikana kwa babu zetu. Jua lilipokuchwa shauri lilikuwa lingali mezani. Kamati ikaniagiza mimi, karani wenu, nikusanye habari za jinsi watu wa pwani hii walivyokaa uzeeni tangu zamani hata leo, niziandike katika taarifa ya mwaka huu, ili kila mwanachama azisome kwa utulivu kabla ya kura kupigwa.

Nimefanya kama nilivyoagizwa. Mimi si mzee. Umri wangu haujatimia miaka 40, na kijana anayewaandikia wazee habari za uzee ni kama mvuvi wa mtoni anayemfundisha nahodha. Kwa hiyo naomba radhi mapema. Walakini kazi ya karani ni kuandika aliyoyasikia na aliyoyasoma, na kazi ya wazee ni kuyapima.

Siku za Kaya

Twajua sote ya kuwa Wamijikenda, yaani Wagiriama, Wakauma, Wachonyi, Wajibana, Wakambe, Waribe, Warabai, Wadigo na Waduruma, waliishi zamani ndani ya kaya zao, katikati ya misitu, juu ya vilima vilivyo nyuma ya pwani. Mwaka wa 2008 misitu hiyo ya kaya iliandikwa na UNESCO katika orodha ya mahali penye urithi wa dunia nzima. Watu walipozidi kuwa wengi, hasa katika karne ya 19, walitoka kayani wakaanzisha miji yao midogo mashambani, kila mmoja na mkubwa wake. Walakini mambo makubwa yaliendelea kuamuliwa na wazee wa kambi, watu waliopanda daraja kwa daraja kwa njia ya rika zao.

Katika siku zile hakuna aliyemwuliza mzee, “Utakaa wapi?” Mahali pake palikuwa pamekwisha kujulikana. Alikaa katika mji wake, nyumba za wanawe zikimzunguka, na wake wa wanawe wakimletea chakula. Kwa Wagiriama, mzee mwenye mali na sifa aliweza kuingia katika chama cha Gohu, na alipokufa alichongewa kigango, gogo la mti wenye nguvu, likasimamishwa mjini mwake awe angali pamoja na watu wake. Basi hata baada ya kufa mzee hakukosa mahali.

Lakini yafaa tuulize, ni kitu gani kilichompa mzee heshima hiyo? Wengi hujibu ya kuwa watoto wa zamani walikuwa na adabu kuliko wa leo. Huenda ni kweli, ila naona si jibu zima. Jibu lililobaki limo katika mnazi.

Mzee kama Daftari

Mnazi wa kienyeji huanza kuzaa baada ya miaka 6 au 7, kisha huendelea kuzaa miaka 60 na zaidi. Mtu aliyepanda minazi akiwa kijana alijua ya kuwa mikono yake itakapolegea, mti utaendelea kumlisha. Nazi, mbata, tembo, makuti, vyote hivyo vilikuwa malipo yake ya uzeeni kabla ya neno pensheni kufika katika nchi hii.

Tena katika desturi yetu mnazi na ardhi ni vitu viwili. Mtu aliweza kuwa na minazi katika shamba la mwingine, na aliweza kuiuza au kuiweka rehani bila kuuza ardhi. Mambo hayo yote, katika nchi ya Kaloleni, Rabai, Chonyi na Jibana, yalifanywa kwa maneno ya kinywa. Wazee waliitwa, wakaketi, wakaonyeshwa minazi mmoja mmoja, wakanywa tembo, wakaondoka na ushahidi vichwani mwao. Ugomvi ukitokea miaka 20 baadaye, aliyefuatwa ni yule mzee aliyekuwapo. Akisema, “Mnazi huu ni wa fulani, babake aliununua mbele yangu,” neno lilikuwa limekwisha.

Basi mzee ndiye aliyekuwa daftari la nchi. Ndiye hati na ndiye mpaka. Kijana aliyemdharau mzee alidharau ushahidi wa mali yake mwenyewe. Naomba wanachama walikumbuke neno hili, kwa maana yote yafuatayo yanatoka hapo.

Miji ya Pwani na Watu Wasio na Ukoo

Katika miji ya bahari, Malindi, Mambrui na Takaungu, Waislamu walikuwa na njia nyingine nzuri, nayo ni wakfu. Mtu mwenye nyumba au shamba aliliweka wakfu kwa ajili ya msikiti au kwa ajili ya kizazi chake, na tangu siku hiyo mali ile haikuweza kuuzwa wala kugawanywa. Faida yake kwa wazee ni kubwa. Mama mjane aliyekaa katika chumba cha nyumba ya wakfu hakuogopa kwamba mpwa mwenye deni atauza dari juu ya kichwa chake.

Lakini tusidanganyane kwamba zamani ilikuwa asali tupu. Mji wa Malindi ulipofufuliwa katika miaka ya 1860, wakati wa Sultani Majid wa Zanzibar, mashamba yake ya mtama na ufuta yalilimwa na watumwa. Watu wale walitolewa mbali, wengine Nyasa, na hawakuwa na mjomba wala shangazi katika nchi hii. Wakiwa na nguvu walilimishwa; je, wakizeeka? Baadhi yao walitoroka mapema wakaanzisha vijiji vyao bara, kama Fuladoyo. Wengine walipokewa na misheni ya Rabai, na waliokombolewa baharini walikaa Freretown, mji ulioanzishwa na misheni ya CMS karibu na Mombasa mwaka wa 1875. Utumwa ulipoondolewa kwa sheria katika pwani ya Kenya, mwaka wa 1907, wenye nguvu waliweza kwenda kutafuta maisha. Wengi waliokuwa wazee, wasio na ukoo wa kuwapokea, walibaki katika mashamba yale yale, wakiishi kwa hisani ya wenye shamba.

Kwa hiyo wale wasemao ya kuwa mahali pa kuwapokea wasio na jamaa hapakujulikana katika pwani hii, hawakusema kweli yote. Palijulikana. Ila palikuwa mahali pa watu waliopoteza ukoo. Jambo la kutuhuzunisha leo ni kwamba wanaohitaji mahali hapo ni watu wenye ukoo mkubwa.

Karatasi Ilipokuja

Mwaka wa 1895 Waingereza walishika utawala wa nchi, na ukanda wa pwani wa maili 10 wakautawala kwa mapatano na Sultani wa Zanzibar, mapatano yaliyokwisha mwaka wa 1963. Mwaka wa 1908 ikatolewa Sheria ya Hati za Ardhi. Kila mwenye kudai shamba katika ukanda huo alitakiwa kuleta madai yake yaandikwe. Aliyeandikwa alipata hati. Ardhi ambayo haikudaiwa na mtu yeyote ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Wengi katika miji ya Waarabu na Waswahili walileta madai. Wamijikenda waliolima nyuma ya miji hiyo walikuwa na mashahidi wa kinywa, na walio wengi hawakuandikwa. Ndipo lilipozaliwa neno linalotusumbua hata leo, la mtu kuitwa maskwota katika shamba alilozikwa babu yake.

Miaka michache baadaye Wagiriama walilazimishwa kutoa vijana kwa kazi na kulipa kodi, kisha wakaambiwa wahame nchi ya kaskazini ya mto Sabaki. Aliyewasimamisha watu ni Mekatilili wa Menza, mama mtu mzima na mjane, pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola. Walishikwa mwaka wa 1913 wakapelekwa Kisii, karibu na ziwa la magharibi; wakatoroka, wakarudi kwa miguu mpaka kwao. Agosti 1914 Kaya Fungo ikabomolewa kwa baruti. Serikali ile ilifahamu vema nguvu za nchi zilikaa wapi: zilikaa kwa wazee. Kaya ilibomolewa kwa siku moja. Neno la mzee lilibomolewa polepole zaidi, kwa kalamu, kila mahali palipoandikwa hati bila yeye kuulizwa.

Wageni Waliokuja Kupumzika

Sasa naja kwa jambo ambalo wanachama wa mjini walilitaja, yaani uzuri wa pwani yetu. Ni kweli watu hutoka mbali kuja kupumzika hapa. Katika miaka ya 1930 hoteli za kwanza za Wazungu zilifunguliwa Malindi. Masetla wa nchi za juu walishuka kwa likizo, na baadhi yao, walipoacha mashamba au kazi za Serikali, walijenga nyumba za kukaa uzeeni hapo Malindi, Watamu na kando ya hori la Kilifi. Baadaye walikuja Waitalia. Kuanzia Aprili 1967 Italia ilirusha setilaiti zake kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, na katika miaka iliyofuata Waitalia wengi walijenga nyumba na hoteli, hata Malindi ikaitwa Italia ndogo. Wako miongoni mwao waliozeeka hapa na kuzikwa hapa.

Tuwatazame watu hawa bila wivu, tujifunze. Mzee mgeni aliwezaje kuchagua kukaa juu ya jabali linalotazama bahari? Aliweza kwa mambo mawili. Kwanza alikuwa na hati ya kiwanja kwa jina lake. Ingawa tangu Katiba ya mwaka wa 2010 asiye raia hawezi kupata zaidi ya miaka 99, hiyo yatosha kwa mtu aliyekwisha kuzeeka. Pili alikuwa na pensheni iliyomfikia kila mwezi, na kwa hiyo aliajiri mpishi, mlinzi, na muuguzi wa kumshika mkono. Uzuri wa mahali ulikuja wa tatu.

Na hao wapishi na wauguzi ni nani? Ni watoto wetu. Binti za Kilifi wamewaosha miguu wazee wa Ulaya kwa mshahara miaka mingi. Hivyo kazi ya kumtunza mzee kwa malipo si ngeni tena katika nchi yetu. Lililo geni ni kwamba sisi wenyewe tumeifanya, lakini hatujaipata.

Pensheni na Wasio na Pensheni

Katika watu wetu, waliowahi kupata malipo ya uzeeni ni wachache: walimu, makarani, askari, watu wa reli na bandari. Mwaka wa 1965 Serikali ya Kenya ilianzisha Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, iitwayo na wengi NSSF, kwa ajili ya walioajiriwa. Kwa miaka mingi malipo yake yalitolewa kwa mkupuo mmoja, na kila mtu anajua habari za mkupuo: hufika na arusi, na deni, na bati la nyumba, kisha hauonekani tena. Umri wa kupumzika katika kazi za Serikali uliongezwa kutoka miaka 55 kufika 60 mwaka wa 2009. Lakini mkulima wa Ganze na mvuvi wa Mayungu hawana mwajiri, wala hawana tarehe ya kupumzika isipokuwa ile ambayo mwili wenyewe huiandika.

Kwa hao kuna fedha za Inua Jamii. Mpango huu ulianza kidogo kidogo katika miaka ya 2006 na 2007, na mwaka wa 2018 ukapanuliwa kwa waliotimiza miaka 70 wasio na pensheni, kwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Zanzibar walifanya vivyo hivyo tangu Aprili 2016, wakianza na shilingi za Tanzania 20,000 kwa kila aliyetimiza miaka 70. Fedha hizi si nyingi, lakini tusizidharau. Mama mzee anayenunua sukari kwa pesa yake mwenyewe hukaribishwa kikombe cha chai kwa sauti nyingine.

Mvi Zilipokuwa Hatari

Hapa naandika kwa uzito. Katika miaka hii yetu, ndani ya Kilifi, wazee wameuawa na watu wa jamii zao kwa kusingiziwa uchawi. Magazeti yamesema, maofisa wamesema, na wanachama wenzetu wamezika. Imefika hali ya mzee kutia nywele zake rangi nyeusi ili asionekane ana mvi. Mvi zilizokuwa taji zimekuwa alama ya kuwindwa.

Mara nyingi uchunguzi ukifanywa huonekana ya kuwa nyuma ya neno uchawi liko neno shamba. Mimi naona hivi. Zamani kijana alimhitaji mzee awe hai, kwa sababu mzee alikuwa ushahidi wake. Siku hizi karatasi ni ushahidi, bei ya ardhi imepanda, na mzee asiyekubali kuuza anaonekana kama mti ulioanguka njiani. Wala si kweli kwamba hakuna sheria. Sheria ya Uchawi ya mwaka wa 1925, ambayo ingali katika vitabu vya Kenya, yasema ya kuwa kumshitaki mtu kwamba ni mchawi, isipokuwa mbele ya chifu, polisi au mwenye mamlaka, ni kosa lenyewe. Na kifungu cha 57 cha Katiba chasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kutunzwa na jamaa zao pamoja na Serikali.

Kwa ajili ya waliookoka, chama cha utamaduni cha wilaya ya Malindi, kijulikanacho kwa jina la MADCA, kiliweka makimbilio huko Kaya Godhoma, upande wa Ganze. Wazee waliotishwa hupokelewa pale, hupewa mahali pa kulala na kulima kidogo. Wanaofanya kazi hiyo wastahili shukrani zetu zote. Ila tufahamu tofauti. Mzee wa Kaya Godhoma hakuchagua mahali pa kupumzika. Aliokoa roho yake. Nyuma yake kuna minazi aliyoipanda na makaburi ya wazazi wake, na mtu mwingine anaangua nazi.

Habari ya Mzee Mmoja

Mwaka huu nilimsindikiza mzee mmoja wa Chama, ambaye jina lake nalihifadhi, katika ofisi moja ya mambo ya ardhi. Mzee huyu katika maisha yake aliitwa kushuhudia mauzo ya minazi mara nyingi kuliko awezavyo kuhesabu. Tulingoja tangu asubuhi hata adhuhuri. Daftari lilipofunguliwa, shamba lake lilikuwa limeandikwa kwa jina la mtoto wa nduguye, ambaye siku ya kupimwa ndiye aliyekuwapo na kitambulisho mkononi. Mzee hakupiga kelele. Tulipokuwa njiani alisema, “Mwanangu, mimi nilikuwa karatasi ya watu wote, nikasahau kujiandika mwenyewe.”

Sasa amekwenda kukaa kwa binti yake, katika ua wa mkwewe. Wazee wanaosoma hapa wanajua jinsi jambo hilo lilivyo zito kwa mwanamume wa desturi yetu. Binti anamtunza vizuri, na mkwe ni mtu mwema. Lakini akikohoa usiku hukohoa polepole. Shauri la shamba tunaendelea nalo.

Njia Zilizo Mbele Yetu

Basi mzee wa leo katika pwani yetu ana njia nne, na kila njia ina jema lake na baya lake.

Ya kwanza ni kukaa katika mji wake, na watoto au jirani wamwangalie. Hii ndiyo wazee wengi waitakayo. Yafaa pale penye maji karibu, zahanati isiyo mbali, na angalau mtu mmoja mwenye nguvu analala pale.

Ya pili ni kwenda kwa mtoto aliye mjini, Mtwapa au Mombasa. Huko hospitali ni karibu, lakini mzee hukaa chumbani siku nzima na hana wa kuzungumza naye, na shamba aliloliacha hupata wenyewe wengi.

Ya tatu ni kumlipa mtu amsaidie mzee nyumbani kwake, kama wafanyavyo wageni wa Malindi. Ndugu watano wakichanga, jambo hili si gumu kama lionekanavyo.

Ya nne ni nyumba ya wazee. Nairobi iko Nyumba ya Wazee ya masista, iko pia Mji wa Huruma. Zanzibar ziko nyumba za Sebleni na Welezo. Mahali hapo wamepokewa watu ambao pasipo hapo wangekufa barabarani. Lakini mwenye kuchagua njia hii na aulize kwanza: nitasali wapi, nitazungumza lugha gani na wenzangu, watoto watanifikia kwa nauli gani, nitazikwa wapi, na shamba langu litabaki kwa jina la nani?

Katika njia zote nne swali la mwisho ndilo kubwa. Mzee ambaye jina lake limo katika hati anaweza kwenda kwa mwanawe na kurudi. Anaweza kukodisha shamba apate ujira wa msaidizi. Anaweza hata kukaa katika nyumba ya wazee miezi ya mvua na kurejea kwake kiangazi. Asiye na hati, popote alalapo amekaribishwa tu.

Mambo ya Wosia

Wanachama wengi hunijia wakitaka kuwaandikia watoto shamba lote wangali hai, ili wasigombane. Nia ni njema, lakini naomba wafikiri. Mwenye kuhamisha hati leo, kesho ni mgeni katika shamba lake. Mwenye kuandika wosia huweka shamba mkononi mwake mpaka siku ya kufa, na anaweza kuubadilisha akiona mtoto amebadilika. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, inakubali wosia wa kinywa mbele ya mashahidi wawili, lakini wosia huo una nguvu tu ikiwa mwenye kuusema amekufa ndani ya miezi mitatu. Uliosemwa chini ya mwembe miaka 10 iliyopita ni maneno matupu mbele ya korti. Wosia wa kuandikwa, wenye sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi wawili, haufi kwa kupita miezi. Sheria hiyo pia inampa mjane ambaye mumewe hakuacha wosia haki ya kukaa na kutumia mali aliyoiacha mumewe maisha yake yote. Ndugu zetu Waislamu wanayo sheria yao ya mirathi na Kadhi wao. Nao wafike kwake mapema, wasingoje kupelekewa jeneza.

Shauri la Karani

Nimeulizwa habari, sikuulizwa maoni. Lakini mwenye kukusanya kuni hujua zipi zimelowa. Naona Chama kisianze na kununua kiwanja cha bahari. Bei yake itakula akiba yetu yote, nasi tutakuwa tumejenga mahali pazuri pa kuwaweka wazee walionyang'anywa, badala ya kuzuia wasinyang'anywe.

Kwanza, Chama kiweke daftari la wazee wote wanachama, wanaume kwa wanawake, na mwaka huu kila mmoja asindikizwe na kijana anayejua kusoma, aone jina lake limeandikwaje katika ardhi yake, katika kitambulisho chake, na katika fedha za Inua Jamii. Pili, tuchange mfuko mdogo wa kuwalipa wasaidizi wa nyumbani, nao wawe vijana wetu wenyewe. Tatu, baada ya hayo, tujenge nyumba, lakini iwe ndogo, iwe karibu na miji ya watu na si mbali pwani, tena mzee aingie na kutoka apendavyo. Upepo wa bahari ni mtamu, lakini mzee hupoa kwa kuonana na anaowajua.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Sisi vijana tunaohangaika Nairobi na Mombasa, na wengine Ghuba, tutarejea ngamani sote. Siku ile tutakaporejea na vichwa vyeupe, tutataka kukuta ya kuwa mvi ni heshima tena katika nchi hii. Kura ya mkutano ujao si ya wazee peke yao.

Nawaombea nyote afya, nanyi wazee nawaombea umri mrefu katika miji yenu.

Mimi wenu katika utumishi,
Karani wa Chama